Muhuri Kitakoni

Jina lake huandikwa kwa herufi tisa
na hutamkwa kwa silabi mbili tu: Kokli.
Wiki ya kwanza nililisoma lote,
kila herufi nikaipa haki yake,
akacheka hadi meno ya bandia yakasogea.
Ndivyo tulivyofahamiana.

Burslem, saa moja kasorobo, giza bado.
Kisanduku cha ufunguo kimeganda ukutani;
nakipulizia pumzi, nabonyeza namba nne,
mwaka alioanza kazi kiwandani.
Simu inarekodi: umeingia.
Dakika thelathini zaanza kuyeyuka
hata koti sijavua.

"Baridi imekupata, bata?"

Bata. Huku ni neno la mapenzi.
Dereva wa basi huniita bata, muuza viazi bata,
mimi niliyekuzwa kwa "mwaya" na "mwanangu".
Nimekubali. Nashinda majini kweli:
kitambaa cha uso, kitambaa cha chini, visichanganywe,
taulo mabegani stara isivunjike,
"sasa naanza mguu wa kushoto," namwambia,
maana mtu haoshwi kama sufuria.

Miaka thelathini na mmoja
alizungusha mstari wa dhahabu midomoni mwa vikombe.
Hadi leo, kikombe chochote umpacho
hukigeuza kwanza, aone muhuri wa kitakoni,
chai iwemo, isiwemo.
Nimeungua mara mbili kabla ya kujifunza:
kikombe kitupu, ukaguzi, kisha chai.
Hilo halimo kwenye mpango wa huduma.
Wala halimo kwamba mkono wake wa kulia
hutetemeka hadi kijiko kikifika mdomoni
supu imekwisha njiani.

Jumanne moja ya Februari, zimebaki dakika kumi na moja,
nikawa nampaka rangi ya kucha,
ya dhahabu, kaletewa na mjukuu wa Perth.
Naipaka vibaya. Naivusha hadi kwenye nyama.
"Hebu lete," akasema,
na sauti ile haikuwa ya mgonjwa,
ilikuwa ya msimamizi wa zamu.

Akaegemeza kidole chake cha mwisho juu ya kifundo changu.
Akavuta pumzi, akaibana.

Mkono ukatulia.

Naapa ulitulia, kama maji ya mtungini.
Ukingoni mwa ukucha wa gumba langu
akapitisha mstari mwembamba kuliko unywele,
pembe hadi pembe, bila kuinua brashi.
Kisha akaiinua, na ule mtetemo ukarudi
kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni.

Kanuni ya kampuni: kucha fupi, zisipakwe chochote.
Kwa Bwana Podmore nikavaa glavu tangu kwenye ngazi.
Kwa wale dada wawili wa Smallthorne, glavu,
hata wakati wa kumlisha paka.
Daftarini niliandika: Uji kala wote. Dawa kameza.
Ngozi salama. Mchangamfu.
Simu ikalalamika: umezidisha dakika sita, hazilipwi.
Basi zisilipwe.

Usiku mama alipiga kutoka Muheza.
"Bibi yako huyo kala?"
"Kala. Nawe?"
"Nimekandwa miguu. Zawena ana mikono mizuri."
Mshahara wa Zawena huutuma mimi, kila tarehe tatu.
Nikalitazama gumba langu, sikumsimulia.

Machi, ukucha umekua, dhahabu imebaki kipande.
Bibi Kokli akauvuta mkono wangu dirishani,
akaikagua kazi yake, hakuridhika.
Halafu akaugeuza, kiganja juu,
akapekua, akapekua, macho karibu kabisa.

"Wewe umetengenezwa wapi?"

"Muheza."

Akafikiri sana. Alivijua viwanda vyote,
vilivyofungwa na vilivyobomolewa,
na nani alichora nini wapi.

"Hicho sikijui, bata," akasema,
akauweka mkono wangu mezani,
taratibu, mbali na ukingo.